Bembea za Urambo

Lori la Masolwa lilianza kutoa mvuke maili tatu kabla ya Urambo. Lilipofika mbele ya shule ya misheni likakohoa mara mbili, likasimama katikati ya barabara na kugoma.

"Ni maji tu," alisema Masolwa, akiruka chini na kufungua boneti kwa kujiamini kupita kiasi. "Rejeta imekauka. Nikipata ndoo mbili tunaondoka."

"Wenye akili zao walipanda treni," alijibu shangazi Apolinaria kutoka nyuma ya lori, akijipangusa vumbi jekundu usoni kwa ncha ya khanga. "Sasa hivi wako Usinge, wameoga, wamekula, wanajipepea."

Kweli treni ilikuwepo, na mama yake Veneranda alikuwa ametangulia nayo tangu Jumatano. Lakini mwaka ule wa hamsini na tatu Masolwa alikuwa amenunua lori kuukuu, na kaka yake Ambrosi, baba yake Veneranda, hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba anaogopa kulipanda. Basi familia ikapakiwa humo pamoja na magunia ya mchele na madebe ya asali ya Sikonge. Wakashika barabara ile ile waliyopita wapagazi wa zamani kwenda Ujiji. Wapagazi wale, shangazi alikuwa amekwisha kusema mara tatu tangu Tabora, walifika upesi zaidi.

Veneranda alikuwa ameketi juu ya gunia, ameegemea ubao wa lori, na tangu asubuhi alikuwa akijaribu kuikumbuka sura ya mtu aliyekuwa anakwenda kuolewa naye. Alikumbuka suti. Alikumbuka mwandiko wake mzuri katika barua. Sura haikuja. Wenceslaus alikuwa mwalimu wa Usinge, mpole, mcha Mungu, hanywi wala hagombani na mtu. Hakuwa na kasoro hata moja ambayo msichana angeweza kuishika na kumwambia baba yake, "Simtaki kwa sababu ya hii." Kesho, Jumapili, padre wa Usinge angesoma kanisani tangazo la kwanza la ndoa yao.

"Dada! Dada, bembea!"

Minza, mdogo wake wa miaka saba, alikuwa tayari amekwisha kushuka. Ngollo wa miaka mitano akamfuata kwa kuporomoka kupitia gurudumu. Wakakimbia wote wawili kuelekea upande wa pili wa shule, ambako kelele za watoto zilisikika.

"Wafuate kabla hawajavunjika shingo," alisema shangazi. "Na wewe usijichafue. Unakwenda kuonwa na wakwe."

Veneranda akajifunga khanga vizuri, akashuka.

Kilikuwa kiwanja kidogo tu cha watoto, lakini hata Tabora mjini hakuwa ameona kama hicho. Bembea nne zilining'inia kwenye gogo nene la mninga. Hazikuwa za kamba bali za minyororo, ile waliyoiacha Wazungu wa mradi wa karanga ulipowashinda wakafunga matrekta yao na kuondoka. Kando yake palikuwa na ubao mrefu wa kupanda na kushuka, na mtelezo wa mbao uliong'aa mpaka mtu akatamani kuugusa. Watoto wa wakulima wa tumbaku walikuwa wamejipanga mstari mrefu wakigombania zamu. Minza alikwisha kujipenyeza mbele kwa ujanja wa mjini.

Chini ya mtelezo alipiga magoti mwanamume mmoja, amewapa mgongo, anasugua mbao kwa bonge la nta ya nyuki. Kalamu ya risasi ilikuwa imechomekwa nyuma ya sikio lake la kushoto, chini ya ukingo wa kofia.

Veneranda akasimama pale pale. Wapo mafundi wengi wanaoweka kalamu nyuma ya sikio, nchi nzima imejaa. Lakini moyo wake haukungoja auone uso. Akajikuta anashika nguzo ya bembea.

Mwanamume akageuka. Alikuwa Raymundi Komba.

Walitazamana kwa muda ambao ungetosha mtoto kupanda mtelezo na kushuka, na kwa kweli watoto wawili walipanda na kushuka. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yale yale, makubwa, yanayotangulia kusema kabla ya mdomo.

"Mngoni," alisema Veneranda, akijaribu kuchekesha, sauti ikamtoka nyembamba. "Kumbe hujafa?"

Hapo ndipo Raymundi alipopaswa kumjibu kwa tusi. Wanyamwezi na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, na mgeni asiyejua mambo yao anaweza kukimbilia polisi akiwasikia wakisalimiana. Alipaswa kumwita binti wa mpagazi, au amuulize mzigo wake ameutua wapi. Veneranda aliutamani utani ule kama mwenye kiu anavyotamani maji.

"Hujambo, Veneranda," alisema Raymundi kwa upole.

Ikamuuma kuliko tusi lolote.

Miaka mitatu nyuma, bibi yake Veneranda alipofariki Tabora, Raymundi ndiye aliyelichonga jeneza. Siku ya maziko, kama ilivyo haki ya mtani, alisimama mlangoni akalizuia lisitoke. Wakampa kuku, akakataa. Wakampa shuka, akakataa. "Simtoi bibi yenu mpaka nipewe huyu," akasema, akimnyooshea kidole Veneranda aliyekuwa amevimba macho kwa kulia. Msiba mzima ukavunjika mbavu. Ambrosi mwenyewe, mama yake kalala ndani ya sanduku, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mchukue, Mngoni! Mchukue na uvivu wake wote!" Jeneza likapita.

Miezi miwili baadaye Raymundi akaja tena, peke yake. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa. Akasimama uani na kusema, "Mzee Ambrosi, nimekuja kuchukua nilichopewa."

Nani asingecheka? Ambrosi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akawaita majirani waje wamsikie mtani. Akaamuru akamatwe jogoo, akamkabidhi Raymundi akisema huyo ndiye bibi harusi wake. Na Veneranda, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, alicheka pamoja nao. Raymundi alimtazama mara moja tu. Kisha naye akacheka kidogo, akamkwapua jogoo na kwenda zake.

Asubuhi yake jogoo alikutwa amefungwa kwenye mpapai nje ya nyumba. Mtani akishachukua harudishi. Nyumbani walisema Mngoni alilewa akamsahau. Veneranda peke yake ndiye aliyesimama akimtazama jogoo yule, akaelewa kwamba Mngoni hakuwa ametania. Alipopata kisingizio cha kupita kwenye karakana ya Raymundi, fundi alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake na kuondoka, na hakuna aliyejua amekwenda wapi.

"Ulimrudisha jogoo," alisema sasa. Lilikuwa neno la kwanza lililomjia.

"Sikuwa nimefuata jogoo."

"Kwa nini hukuleta mshenga?"

"Nani, Veneranda?" Raymundi aliinuka, akajipangusa magoti. "Baba yangu yuko Songea. Mafundi wenzangu wote walikuwa Wangoni, nao wangechekwa kama mimi. Nikajidanganya kwamba mlango nimekwisha kuufungua siku ya msiba. Baba yako alisema mchukue, mbele ya umati. Nilijua ametania. Nikasema labda nikienda nimevaa vizuri, nimenyoosha uso, ataona."

"Hakuona."

"Nilijua yeye huenda asione. Nilikuwa nakutazama wewe."

Veneranda aliinamisha kichwa. Mnyororo wa bembea ulilia juu yao, huku Ngollo akipiga miguu hewani bila kwenda popote.

"Fundi, nisukume!" alidai mtoto.

Raymundi akamsukuma kwa mkono mmoja, taratibu, macho yake yakiwa kwa dada mtu. Veneranda aliutazama mkono ule ukienda na kurudi. Alikuwa ameuota mara nyingi, na aibu ikamjaa kwamba aliuota ukiwa hivyo hivyo, una vumbi la mbao kwenye vidole.

"Nilicheka kwa sababu wote walicheka," alisema. "Kama nisingecheka, wangenitazama. Wangejua."

"Wangejua nini?"

"Raymundi, usiniulize."

"Nimekaa miaka mitatu sijauliza. Nikajiambia nitafanya kazi mahali ambapo hakuna anayenijua, nisikie watoto wakicheka tu, maana wao hawamcheki mtu. Niulize leo au nisiulize tena?"

"Wangejua kwamba ningekwenda nawe," alisema Veneranda. "Siku ile ile. Na sufuria yangu mkononi. Nilikupenda tangu ulipokuwa unampima bibi urefu na kulia kimyakimya ukidhani hakuna anayekuona. Mimi nilikuona."

Mkono wa Raymundi ulisimama. Bembea ikarudi tupu, kwa kuwa Ngollo alikwisha kuruka na kukimbilia mtelezo, ikamgonga kiunoni, naye hakusikia.

"Kwa hiyo safari hii ni ya wapi?" aliuliza mwishowe. "Lori, mchele, shangazi. Mnakwenda kwenye sherehe?"

"Usinge."

"Kuna nini Usinge?"

Alitamani aseme ubatizo. Alitamani aseme ugonjwa, mavuno, chochote.

"Kesho padre anasoma tangazo la ndoa."

"Ya nani?"

Veneranda aliinamisha macho, na hilo likawa ndilo jibu. Raymundi alivuta pumzi, akaichomoa kalamu nyuma ya sikio, akaitazama kama asiyejua kazi yake, akairudisha.

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mtu mzuri."

"Afadhali," alisema, lakini uso wake ulimkana.

"Watani gani hawa?" Sauti ya shangazi Apolinaria ilitokea nyuma yao. Alikuwa amesimama kwenye kona ya darasa, mikono kiunoni. "Nimesimama hapa kitambo, nasubiri nisikie mtu akitukanwa nicheke. Mngoni na Mnyamwezi wanaongea kwa adabu kama wako kwenye kitubio! Veneranda, kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu, shangazi."

"Hakuna kitu, na macho yako mekundu?"

Kabla hajajibiwa, Ambrosi naye akatokea, karani mnene mchangamfu, anajipepea kwa kofia. Alipomwona Raymundi uso wake ukachanua kwa furaha ya kweli.

"Ala! Mngoni! Kumbe ulitukimbia ukaja kuwala panya wa Urambo ukawamaliza? Ndiyo maana njia nzima sikuona hata mmoja! Apolinaria, fungeni mizigo vizuri, mwizi huyu hapa!" Alikuja amenyoosha mikono yote miwili. "Bahati gani hii? Panda gari twende Usinge. Tunamwoza binti huyu, nawe utuzuilie mlango kama kawaida yako!"

Raymundi alivua kofia. Akaishika kwa mikono miwili kifuani na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Ambrosi aliangua kicheko. Alicheka huku akimgeukia dada yake ili naye acheke, kisha akasubiri utani umaliziwe. Haukumaliziwa.

"Haya, sema basi," alihimiza. "Shikamoo, halafu?"

"Nimemaliza, baba. Shikamoo."

Kicheko kilibaki usoni mwa Ambrosi kwa muda, hakijui kiende wapi. Kati ya watu hawa wawili yalikuwa yamepita matusi ya kila namna, lakini shikamoo haikuwahi kupita. Alimtazama kijana aliyesimama mbele yake bila kofia. Akamtazama binti yake aliyeshika nguzo. Taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kumfika, akaelewa.

"Marahaba," alisema kwa sauti ya chini. "Marahaba, mwanangu. Ile siku uliyokuja na shati jeupe."

"Siku ya msiba nilitania, baba. Siku ile sikutania."

"Na mimi nikakupa jogoo."

"Ukanipa jogoo."

Ambrosi aliivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Umechelewa," alisema, na ilionekana wazi kwamba kulisema hilo kulimuumiza. "Wazee wa Usinge walileta posa kwa utaratibu, nikawaitikia. Neno langu liko kwao. Ungenijia hivi mapema, hata mwezi uliopita… Lakini umechelewa, mwanangu."

Raymundi alisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote alikuwa ametaka mzee huyu amchukue kama mwanamume anayesema kweli, na leo alikuwa amechukuliwa hivyo, akakataliwa hivyo hivyo.

"Nimesikia, baba," alisema. "Asante kwa kuniitikia."

Barabarani injini ya lori ilinguruma, na Masolwa akapiga honi ya ushindi.

"Twendeni," alisema Ambrosi bila kumtazama mtu. "Apolinaria, chukua watoto."

Veneranda alitembea. Hakujua miguu yake ilimtoa vipi pale. Kila hatua aliomba Mungu ampe nguvu ya kugeuka, halafu akaomba asimpe, maana akigeuka hataweza kuendelea. Alikuwa amepanda gurudumu la lori, mguu mmoja ndani, alipojisikia anasema.

"Baba."

Ambrosi alikuwa anafungua mlango wa mbele. "Panda, mwanangu."

"Kesho padre akisha kusoma jina langu, ataomba mwenye kujua pingamizi aseme."

"Ni desturi yao. Hasemi mtu."

"Nitasimama mimi."

"Mama yangu wee!" Shangazi alijipiga kifuani. "Bibi harusi ajipinge mwenyewe, kanisani, mbele ya wakwe?"

"Nitasimama, shangazi. Nitatetemeka, lakini nitasimama." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Baba, siku ile mtu alisema kweli nyumbani kwetu, nami nikacheka kwa woga. Kicheko kile kimeninyima usingizi miaka mitatu. Kesho nikinyamaza kwa woga ule ule, nitakuwa nimemdanganya na yule mwalimu wa watu ambaye hajanikosea kitu."

Ambrosi alisimama ameshika mlango wa lori.

"Kaka, tuondoke?" aliita Masolwa.

"Zima gari."

"Nikizima, sijui kama litawaka tena."

"Zima, Masolwa."

Injini ikanyamaza. Ambrosi akarudi kiwanjani peke yake, hatua nzito za mtu mnene kwenye jua kali. Kutoka juu ya magunia Veneranda aliwaona, baba yake akisema, Raymundi akiitikia kwa kichwa, lakini hakusikia hata neno moja. Aliona baba yake akinyoosha mkono kuelekea Tabora. Akaona Raymundi akifunika uso kwa kofia. Hakujua ni furaha au ni kilio, na akaumia kwamba hakujua.

Ambrosi aliporudi alikuja mpaka penye ubao wa lori na kusimama chini yake.

"Nimemwambia atafute mzee wa kumsemea," alisema. "Mtu mzima, asiye Mngoni, aje Tabora aketi nami kwa utaratibu. Sijasema nitakubali. Nimesema nitasikiliza."

"Na Usinge, baba?"

"Usinge nakwenda kusema mimi, leo hii, kabla ya padre kusoma chochote. Wewe utanyamaza. Wakitutukana, watanitukana mimi. Mtu aliniletea moyo wake nyumbani, nikaita majirani waje wacheke. Aibu hii si yako."

Alipanda mbele. Masolwa akajaribu kuwasha, gari likatoa mkwaruzo na kunyamaza. Akajaribu tena, wapi.

"Si nilisema?" alilalamika. "Litabidi lisukumwe!"

Walimu wawili walitoka madarasani, na wakulima waliokuwa wanapita wakatua majembe yao. Raymundi naye akaja. Hakwenda pembeni kama wengine. Alikuja nyuma kabisa, akaweka viganja vyake kwenye ubao, shibiri moja tu kutoka mahali Veneranda alipokuwa ameuegemea. Shangazi Apolinaria aliwaona. Akajikohoza, halafu akageuka kuwapanga watoto ambao walikuwa wamekwisha kupangika.

"Utampata mzee?" alinong'ona Veneranda.

"Nitazunguka Urambo nzima."

"Na usipompata?"

"Nitazunguka tena."

Lori lilianza kusogea. Raymundi alikuwa ameinama, mishipa imemtoka shingoni, uso wake karibu kiasi cha Veneranda kuliona jasho likishuka hadi mdomoni. Alitamani alipanguse. Alitamani barabara ile iwe ya mlima mpaka Usinge.

"Usilisukume sana," alimwambia. "Likiwaka, linanichukua."

"Najua," alisema Raymundi, akasukuma kwa nguvu zake zote.